Jezi Mbili za Taifa: Kutoka Mombasa ya Aasif Karim Hadi Viwanja vya Kinondoni na Temeke

Jioni ya tarehe 15 Machi 2003, katika uwanja wa Kingsmead mjini Durban, Australia ilikuwa njiani kuimaliza Kenya mapema. Lilikuwa Kombe la Dunia la kriketi, hatua ya Sita Bora. Kenya ilitangulia kupiga na kuambulia mikimbio 174, baada ya Brett Lee kuwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu iliyofuatana. Zamu ya Australia ilipofika, Adam Gilchrist aliuchapa mpira kila upande hadi akafikisha mikimbio 67. Ndipo nahodha wa Kenya, Steve Tikolo, alipomkabidhi mpira mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye umri wa miaka 39, mtu aliyekuwa ameshatundika kofia baada ya Kombe la Dunia la 1999, akaombwa arudi.

Aasif Karim hakuwa na kasi. Aliuachia mpira polepole, ukaelea, ukatua, ukajizungusha kidogo tu, na wapigaji waliozoea kuwaadhibu warushaji wa dunia nzima wakaanza kujifungia. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, ova moja ni mipira sita, na ova isiyozaa mkimbio hata mmoja ni jambo la kushangiliwa. Karim alirusha ova nane na mipira miwili. Ova sita kati ya hizo hazikuzaa kitu. Kwa jumla alitoa mikimbio 7 na kuwaondoa wapigaji watatu: nahodha Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia ilishinda, wiketi tano, yaani wapigaji watano, zikiwa zimebaki, na siku chache baadaye ikatwaa kombe bila kufungwa mechi hata moja. Lakini mchezaji bora wa mechi ile ya Durban alitangazwa kuwa Karim wa Kenya.

Mtu huyo alikuwa ameshaivaa jezi ya Kenya katika mchezo mwingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliiwakilisha nchi yake katika Davis Cup, mashindano ya tenisi ya timu za taifa za wanaume. Raketi mkono mmoja, mpira wa kriketi mkono mwingine, na bendera ileile. Katika ukanda wetu wa Waswahili, kutoka Lamu hadi Mtwara, sijui jina jingine linaloeleza vizuri kuliko hili maana ya kuitumikia nchi katika michezo miwili. Ndiyo sababu makala haya yanaanzia Mombasa ingawa nia yake ni kufika Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam.

Karim alizaliwa Mombasa tarehe 15 Desemba 1963, siku tatu tu baada ya Kenya kupata uhuru. Baba yake, Yusuf Karim, alikuwa mwanamichezo anayefahamika pwani nzima, na tenisi na kriketi zilikuwa mazungumzo ya nyumbani. Mtoto wa Aasif, Irfan, naye alikuja kuichezea Kenya kama mpigaji na mlinda wiketi. Vizazi vitatu, basi. Watu wengi huishia hapo na kusema ni damu. Mimi sikubali kwamba ni damu peke yake. Mji wa Mombasa aliokulia Karim ulikuwa na klabu ambazo mtoto angeweza kuingia na raketi asubuhi na kubaki kwa ajili ya kriketi mchana. Mombasa Sports Club, iliyoanzishwa mwaka 1896, imebeba kriketi, raga, tenisi na mpira wa magongo katika eneo moja. Nyasi zilezile zilizorushiwa mpira wa kriketi zimekanyagwa pia na wachezaji wa raga wa pwani. Jumuiya za Kiasia nazo zilijenga viwanja vyao. Mtoto hakulazimika kuamua mapema kwamba yeye ni wa mchezo fulani, kwa sababu michezo yote ilikuwa mlango kwa mlango.

Na mlango huo, kwa muda mrefu, haukuwa wa kila mtu. Tutarudi kwenye hilo.

Mchezo wa pili wa Karim ulikuwa tenisi, lakini kuiwakilisha nchi katika kriketi na katika raga ndilo jambo ambalo duniani limekuwa kipimo cha mwanamichezo kamili. Sababu yake ya kwanza ni hali ya hewa. Uingereza, ambako michezo yote miwili iliandikiwa kanuni, mwaka umegawanyika sawasawa: raga ni ya baridi na tope, kriketi ni ya jua. Kijana wa shule aliyekuwa na mikono mizuri na miguu mepesi alicheza raga hadi Machi, akaivua jezi, na Aprili akachukua gongo. Hakuna aliyemuuliza anachagua upi. Shule za matajiri na vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilikuwa na viwanja vya kutosha kwa yote, na mchezaji hakuwa na mkataba wa kumfunga mwaka mzima.

Wa mwisho kuichezea Uingereza michezo yote miwili aliwahi kufika huku kwetu. Mike Smith, mtu wa miwani, mzaliwa wa Leicester mwaka 1933, aliichezea Uingereza raga mara moja tu, dhidi ya Wales mwaka 1956, akiwa namba kumi. Katika kriketi alicheza mechi 50 za Test, zile za siku tano, na katika nusu yake kamili, 25, alikuwa nahodha. Tangu yeye, hakuna Mwingereza mwingine aliyevaa jezi zote mbili. Mwaka 1963 klabu ya kriketi ya MCC ya London iliunda kikosi cha kuzuru Tanganyika, Kenya na Uganda, na aliyekiongoza alikuwa yeye. Tanganyika ilikuwa huru kwa muda usiofika miaka miwili. Kenya ilikuwa bado ikisubiri Desemba yake. Waliosimama kumkabili katika viwanja vya Afrika Mashariki walikuwa hasa wachezaji wa Kiasia na Wazungu walowezi. Watoto wa Magomeni na Temeke wa mwaka ule, kama walimwona, walimwona kutoka nje ya uzio.

New Zealand ndiyo iliyozaa watu wengi wa namna hii wenye visa vya kusimulia. Eric Tindill aliichezea nchi yake mechi za Test katika kriketi na katika raga, kisha akachezesha mechi za kimataifa za michezo yote miwili akiwa mwamuzi, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelitimiza. Akafa mwaka 2010 akiwa na miaka 99. Brian McKechnie naye ndiye aliyepiga penalti iliyobishaniwa, iliyoifunga Wales 13 kwa 12 mwaka 1978 akiwa na jezi nyeusi ya raga. Na miaka michache baadaye, tarehe 1 Februari 1981 mjini Melbourne, ndiye aliyekuwa ameshika gongo la kriketi pale Trevor Chappell wa Australia alipoagizwa auviringishe mpira chini kwa chini ili asiweze kuupiga juu na kupata sita zilizohitajika kusawazisha. Kisa hicho kilifanya mawaziri wakuu wa nchi mbili kutoa kauli. Mtu mmoja, michezo miwili, na kila mmoja ukamwachia ugomvi wa kudumu.

Lakini kisa ninachotaka wasomaji wa Dar es Salaam wakishike ni cha mwaka uleule wa 2003, katika Kombe lilelile alilong'aria Karim. Namibia nayo ilikuwepo Afrika Kusini, katika kundi jingine, na miongoni mwa warushaji wake alikuwa daktari wa tiba, Rudie van Vuuren, mzaliwa wa Windhoek. Tarehe 19 Februari, huko Port Elizabeth, aliwaondoa Waingereza watano kwa mikimbio 43. Siku nane baadaye, huko Potchefstroom, Lehmann wa Australia alimpiga mikimbio 28 katika ova moja, na Namibia yote ikatolewa kwa mikimbio 45. Namibia ilipoteza mechi zake zote sita. Van Vuuren akarudi nyumbani, akabadilisha viatu.

Oktoba alikuwa Australia na kikosi cha raga cha Namibia. Aliumia, kwa hiyo hakucheza siku ile mbaya ya Adelaide ambapo wenyeji waliwafunga pointi 142 kwa sifuri. Aliingia dhidi ya Romania mwishoni mwa mwezi. Kwa dakika hizo akawa mtu wa kwanza kucheza Kombe la Dunia la kriketi na Kombe la Dunia la raga katika mwaka mmoja. Baadaye yeye na mkewe Marlice walianzisha hifadhi ya N/a'an ku sê, inayotunza wanyamapori na kutoa huduma kwa jamii ya Wasan, na wengi leo wanamjua kwa kazi hiyo kuliko kwa michezo.

Sasa tuweke hesabu mezani. Mwaka 2003 Namibia nzima ilikuwa na watu wasiofika milioni mbili. Sensa yetu ya mwaka 2002 ilihesabu karibu watu milioni mbili na nusu katika mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Yaani Ilala, Kinondoni na Temeke, wilaya tatu za wakati ule, zilikuwa na watu wengi kuliko nchi iliyopeleka timu katika makombe mawili ya dunia mwaka mmoja. Hatuwezi kusema hatukuwa na watu. Wala mwenye macho hawezi kusema hatukuwa na miili: nenda uwanja wowote wa vumbi wa Tandika au Mwananyamala saa kumi na moja jioni, uone mtoto anavyouudaka mpira unaotoka juu, anavyomkwepa mwenzake kwa bega, anavyorusha jiwe na kulenga embe. Tulichokosa ni kile kile kilichokuwepo Windhoek kwa watoto wa kabila la van Vuuren, kilichokuwepo Oxford kwa Smith, na Mombasa kwa watoto wa jumuiya ya Karim: uwanja wa aina zaidi ya moja, karibu na nyumbani, na mtu mzima wa kukuonyesha.

Ukosefu huo ulipangwa. Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu za ujenzi, na kila mkazi wa zamani anajua majina ambayo watu waliyapa maeneo hayo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha. Upande wa bahari ulipata klabu ya Gymkhana, yenye gofu, tenisi na kriketi. Jumuiya za Kiasia zilijenga viwanja vyao katikati ya mji na Upanga, na shule zao zilifundisha kriketi kama somo. Uswahilini kulibaki na soka, na soka lilishika kwa sababu halikuomba ruhusa ya mtu: Yanga ilizaliwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata wakatoka waliokuja kuwa Simba. Ukoloni ulipokaribia mwisho wake, serikali ilipopanga mitaa ya Waafrika ya Magomeni, Kinondoni na Temeke, ilipima nyumba, barabara na masoko. Nafasi za michezo zilipoachwa, zilikuwa za mpira wa miguu. Hakuna aliyewaza kwamba mtoto wa Temeke angetaka kurusha mpira wa kriketi, wala kubeba mpira wa raga.

Hata hivyo Dar es Salaam ilikuwa na kriketi ya kweli. John Solanky, aliyezaliwa hapa mwaka 1942, alikwenda Wales na kuichezea Glamorgan kati ya 1972 na 1976, akiwa mchezaji wa kulipwa katika ligi ya kaunti. Na Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilipochezwa Uingereza mwaka 1975, mojawapo ya timu nane ilikuwa Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia katika jezi moja. Watanzania wawili walikuwa ndani yake, wote wazaliwa wa Dar es Salaam: mlinda wiketi Praful Mehta na Shiraz Sumar. Timu hiyo ilipigwa vibaya. Glenn Turner wa New Zealand alipata mikimbio 171 bila kutolewa, India ikashinda bila kupoteza wiketi hata moja, na dhidi ya Uingereza wote walitolewa kwa mikimbio 94. Bado, ni Watanzania waliocheza Kombe la Dunia, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa jiji hili hawajawahi kuyasikia majina yao.

Wakati huohuo msingi wa mchezo ulikuwa ukibomoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na utaifishaji wa shule za jumuiya mwaka 1969, na mwaka 1971 nyumba za kupangisha zilichukuliwa na serikali. Familia nyingi za Kiasia ziliondoka kwenda Uingereza na Canada. Shule ya Aga Khan ikawa Tambaza. Azania, ambayo ilikuwa shule ya Wahindi ya serikali, ilishafunguliwa kwa wote. Nia ya kufungua milango hiyo ilikuwa ya haki, na sitaki mtu anielewe vinginevyo: mtoto wa Mswahili kukaa darasani Tambaza kulikuwa ni ushindi. Lakini tulipochukua majengo hatukuuchukua mchezo uliokuwa ukichezwa uwanjani kwake. Walimu walioujua waliondoka, magongo yakaoza stoo, na kriketi ikarudi kujibanza katika klabu chache za jumuiya zilizobaki.

Kenya ilipita njia tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa usiku wa Durban. Huko klabu za Nairobi zilibaki hai, na watoto wa Kiafrika waliokuwa wakiishi jirani nazo walianza kuingia, kwanza kuokota mipira, kisha kurusha kwenye mazoezi, kisha kucheza. Tazama majina: ndugu Tom, David na Steve Tikolo, Edward na Maurice Odumbe, Martin na Tony Suji, Kennedy Otieno, David na Collins Obuya, Lameck Onyango na wadogo zake wa familia ya Ngoche, pamoja na dada zao waliocheza timu ya wanawake. Mchezo ulipita nyumba kwa nyumba. Februari 1996, mjini Pune, Wakenya hao pamoja na Karim waliifunga West Indies, wakiwatoa wote kwa mikimbio 93. Mwaka 2003 waliifunga Sri Lanka mjini Nairobi, Collins Obuya akiangusha wiketi tano kwa mikimbio 24, na wakafika nusu fainali, ambako India iliwazidi kwa mikimbio 91. Mechi hiyo ilikuwa ya mwisho kwa Karim.

Na Kenya nayo ina la kutufundisha kwa upande wa pili. Familia zile chache zilipozeeka hapakuwa na nyingine za kutosha nyuma yao. Viongozi waligombana, fedha za mwaka 2003 hazikuwafikia watoto wa mitaa, na mwaka 2014 nchi ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mchezo ulioegemea mitaa michache ya Nairobi uliishia pale mitaa hiyo ilipochoka.

Dar es Salaam ilipata bahati yake mwaka 2008. Oktoba ya mwaka ule jiji liliandaa mashindano ya dunia ya kriketi ya Daraja la Nne, na Kinondoni ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochezewa mechi. Zilikuja Afghanistan, Hong Kong, Italia, Jersey na Fiji, na Tanzania ikawa mwenyeji. Wengi waliopita karibu hawakujua kinachoendelea. Afghanistan ilikuwa timu ya vijana ambao wengi wao walijifunza kriketi katika kambi za wakimbizi nchini Pakistan. Ilishinda mashindano yale, ikapanda, ikapanda tena, na mwaka 2010 ilikuwa inacheza Kombe la Dunia la ova ishirini. Leo inazifunga nchi kubwa. Ngazi moja ya safari hiyo ilikanyagwa Kinondoni.

Na sisi? Timu ya Tanzania ya miaka ile ilikuwa imeshabadilika sura. Nahodha Hamisi Abdallah na mrushaji Kassim Nassoro walikuwa vijana wa Kiswahili, si wa jumuiya zilizouleta mchezo. Chama cha kriketi kilikuwa kimeanza kupeleka makocha katika shule za serikali, na matunda yakaonekana hata kwa wasichana: Fatuma Kibasu amekuwa mpigaji anayetajwa Afrika nzima. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo la 2026, Zimbabwe na Namibia wakiwa wenyeji, na wakapangwa kundi moja na Afrika Kusini, West Indies na Afghanistan. Ni habari kubwa mno kwa nchi hii, na ilistahili ukurasa wa kwanza.

Raga imebaki nyuma. Ina watu wake: Leopards wa Dar es Salaam, Rhinos wa Arusha, na timu ya taifa inayokutana na majirani katika madaraja ya chini ya Afrika. Tatizo ni kwamba mchezo bado unajulikana zaidi katika shule za kimataifa na klabu za upande wa Masaki kuliko Mbagala. Nairobi raga ilitoka shule za bweni za walowezi ikaingia shule za serikali, na ndiyo iliyozaa timu ya wachezaji saba iliyoifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016. Kwetu hatua hiyo haijapigwa.

Kwa hiyo mtoto wa Mbagala Rangi Tatu mwenye kipaji cha michezo miwili ana nafasi gani? Akitaka soka, anatoka nje ya mlango. Akitaka kuona soka la juu, Temeke ina viwanja viwili vya taifa pale Chang'ombe: Uhuru, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na jirani yake uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti elfu sitini. Akitaka kriketi, apande daladala hadi mjini, nauli kwenda na kurudi, na arudi gizani. Akitaka raga, apite mjini na aendelee mbele. Mzazi gani wa Temeke atamruhusu mtoto wa miaka kumi? Na ile michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo imewafikisha mbali wachezaji wetu wengi wa soka, netiboli, wavu na riadha, ndiyo ingekuwa daraja la asili la michezo hii mingine.

Wapo wanaosema enzi za wachezaji wa aina ya Karim na van Vuuren zimepita, kwamba mchezaji wa leo ana mkataba wa miezi kumi na miwili na kocha asiyekubali apigwe dhoruba za raga. Kwa Uingereza na Australia ni kweli. Kwa nchi kama yetu nadhani ni kinyume. Raga ya wachezaji saba na kriketi ya ova ishirini ni michezo mifupi, na yote miwili ilikuwepo katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra mwaka 2024. Raga ya wachezaji saba imo katika Olimpiki tangu Rio 2016, na kriketi inarudi Los Angeles mwaka 2028 kwa mara ya kwanza tangu Paris 1900. Nchi yenye wachezaji wachache inanufaika na mtu mmoja anayefaa timu mbili. Namibia ilimpeleka daktari mmoja katika makombe mawili kwa sababu ilimhitaji.

Na mwaka wetu wa pwani una mgawanyo wake, ingawa si ule wa Uingereza. Masika, Machi hadi Mei, viwanja vya Dar es Salaam hulowa; mpira wa kriketi haudundi kwenye tope, lakini raga hunoga. Kuanzia Juni upepo wa kusi ukivuma, ardhi hukauka na miezi mirefu ya kriketi hufunguka hadi mvua za vuli. Viwanja viwili vya manispaa, kimoja Temeke na kimoja Kinondoni, vingetosha kuanza: katika kila kimoja, ukanda wa zege katikati wenye zulia la kuviringishwa kwa ajili ya kriketi, likitolewa na zege kufunikwa udongo na nyasi msimu wa raga ukifika, nguzo nne za bomba, stoo yenye kufuli la kweli, maana vifaa vya watoto vimeibwa mno, na walimu wawili wa michezo wanaolipwa posho ya jioni. Soka libaki na siku zake. Manispaa inatenga ardhi kila mwaka kwa vituo vya mafuta na fremu za maduka, na maeneo ya wazi yaliyochorwa kwenye ramani za mipango miji bado yapo, mengine yamevamiwa, mengine yanasubiri kuvamiwa. Diwani anayetaka anaweza kuomba ramani hizo wiki hii.

Kazi ya kupima na kumwaga zege inahitaji kiangazi, Juni hadi Septemba. Masika yakifuata, raga ndiyo itakayotangulia, kwa hiyo mipira ya raga inunuliwe kwanza.